Nafasi Saba Tupu

Kuna watu wakifunga sanduku likabaki na nafasi ya soksi moja, hawalali mpaka soksi ipatikane. Bi Shindilia alikuwa mmoja wao. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake katika ofisi ya hali ya hewa, na alilistahili. Mkoba wake haukuzidi kiganja, lakini mwombe sindano, atakupa. Mwombe kandambili, huenda akatoa pia. Droo ya meza yake ukiifungua bila ruhusa, huwezi kuifunga tena mpaka umwite mwenyewe.

Tabia kama hiyo mtu hazaliwi nayo, hulelewa nayo. Alikulia chumba kimoja, watoto saba na mama mjane aliyeshona nguo za watu. Chini ya kitanda masanduku, juu ya masanduku masufuria, ndani ya masufuria nguo, katikati ya nguo madaftari ya shule. Wakilala, walilala saba chini ya blanketi moja kubwa. Mmoja akivuta kona yake kidogo tu, sita wanaamka na kugombana, na aliyevuta hakuwa na nia mbaya na mtu.

"Nafasi tupu ni mwizi," mama yao alikuwa akisema, huku anasukuma kikombe kwenye pengo la rafu. "Inakuibia mahali pa kitu."

Maneno hayo Bi Shindilia aliyabeba kutoka chumba kile mpaka chuoni, na kutoka chuoni mpaka kazini. Aliyaandika kwa kalamu nene nyekundu akayabandika ukutani juu ya kompyuta yake: NAFASI TUPU NI MWIZI. Kila mwanagenzi aliyekuja kujifunza kazi alisimamishwa mbele ya karatasi hiyo, akaambiwa aisome kwa sauti.

Mama mwenyewe alikuwa bado hai. Alikuwa na miaka themanini na kitu, akiishi kwa binti yake huyo, miguu imechoka lakini mdomo haujazeeka hata siku moja.

Sasa kazi ya binti huyo. Kila siku saa nne asubuhi vituo vyote vilileta vipimo vya upepo, joto na unyevu. Programu aliyoiandika Bi Shindilia, aliyoihangaikia miaka ishirini kama mtu anavyohangaikia shamba, ilivimeza vipimo hivyo ikakokotoa mvua itanyesha wapi na saa ngapi. Saa saba mchana redio ilisoma majibu. Kompyuta ya zamani ilichukua masaa matatu kasoro dakika tano, wala haikubadilika. Kwa hiyo kila siku, ikibaki dakika tano, Bi Shindilia alinyakua karatasi, akavua viatu, akakimbia ukumbi mzima viatu mkononi mpaka kwa msomaji wa redio. Miaka kumi na mmoja alikimbia hivyo.

"Sijawahi kuchelewa," alipenda kusema, na ilikuwa kweli.

Kisha ikaja kompyuta mpya. Ile ya zamani ilikuwa na vichakataji vinane, yaani bongo nane za kufanya hesabu. Hii ilikuwa nazo thelathini na mbili, zote zikila kwenye kumbukumbu moja, kama watu thelathini na wawili wanaotumia ghala moja. Siku ya kuizindua, Mkurugenzi aliita wageni wakae kwenye viti vyenye mito. Bi Shindilia akasimama mbele yao, kitambaa kimekaza kichwani, akatamba.

"Masaa matatu yamekwisha, waheshimiwa. Kuanzia leo ni ndani ya saa moja. Chai yenu itakuwa bado ina moshi."

Walikunywa chai. Wakanywa ya pili. Wageni wakaaga mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake. Kompyuta ilimaliza baada ya masaa matatu na nusu. Bongo zimeongezwa mara nne, kazi imekuwa ya konokono. Redio ilikwisha kusoma utabiri wa jana yake, kwamba jua litawaka siku nzima. Na kwa kuwa redio ilisema jua, mama yake Bi Shindilia alikuwa amelitoa godoro lake nje kulianika. Saa tisa mvua ikalipiga mpaka likawa kama mkate uliochovywa.

Jioni binti alipoingia, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, godoro limeegeshwa kwenye viti viwili, linachuruzika kwenye beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mtabiri."

"Mama, nisamehe. Mashine mpya..."

"Sijauliza mashine. Nimeuliza godoro."

"Hujauliza kitu, mama."

"Basi sasa nauliza. Nalala wapi?"

Alilala kwenye kitanda cha binti yake. Binti akalala chini, na usiku kucha akasikia tone, tone, tone kwenye beseni.

Jumatatu Mkurugenzi alimwita. Alikuwa mtu mpole, wa kuvua miwani kabla ya kusema jambo zito, na alipoivua Bi Shindilia akajua.

"Dada yangu, uliahidi saa moja mbele ya watu. Mimi nimenunua mashine kwa ahadi hiyo. Nakupa mpaka Ijumaa. Ikimaliza ndani ya saa moja, mimi na wewe tutacheka. Isipomaliza, tutachukua programu nyingine iliyokwisha tengenezwa, hii yako tutaifunga."

"Na mimi?"

"Chumba cha mafaili kinahitaji mtu makini."

Chumba cha mafaili kilikuwa chini ya ngazi, na kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza mende. Bi Shindilia alitoka, akafunga mlango taratibu mno, jambo lililomtisha Mkurugenzi kuliko kama angeubamiza.

Akaanza kazi palepale. Akajiambia kwamba vichakataji ni vingi na kumbukumbu iko mbali, kwa hiyo vinapoteza muda njiani, kwenda na kurudi. Dawa yake ilikuwa nini? Dawa aliyoijua tangu utoto: kubana. Akazisogeza tarakimu zake karibu zaidi, zile zilizokuwa na kipengo akazishindilia, bega kwa bega, kisigino kwa kidole. Jumanne akaiendesha programu. Masaa matatu na dakika arobaini. Imezidi!

Aliyekuwa akitazama haya yote ni Fundi Sweta. Huyu ndiye aliyetunza mashine yenyewe, waya na vyuma na mapangaboi. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kukata masikio, naye kwa miaka mingi hakuonekana bila sweta la kijani, hata kwenye harusi.

"Bi Shindilia," akasema, "hii mashine ina kihesabio ndani yake. Kinahesabu kila mara vichakataji vinaponyang'anyana kumbukumbu, na wapi. Nikuwashie?"

"Fundi, programu hii nimeizaa mimi. Mashine ya juzi itanifundisha mwanangu analia kwa nini?"

"Haya. Mlezi ni wewe."

"Tena rudi kwenye baridi yako, usije ukapata joto ukafa."

Fundi akacheka, akaondoka zake. Lakini Jumatano asubuhi Bi Shindilia alifanya jaribio lililomwondolea kiburi kidogo. Alichukua kipande kidogo cha hesabu, akakipa kichakataji kimoja. Dakika nne. Akakipa viwili, wagawane nusu kwa nusu. Dakika sita. Akafuta macho, akarudia. Dakika sita. Akakipa vinne. Dakika tisa.

"Hii ni kali," akajisemea. "Wawili wanachimba shimo polepole kuliko mmoja? Basi hawachimbi hawa. Wanapigana."

Akainuka, akajifunga kanga yake mabegani kwa ajili ya ile baridi, akaenda mwenyewe chumba cha mashine.

"Ala!" Fundi Sweta akasema. "Leo jua limechomoza wapi?"

"Fundi, washa hicho kihesabio chako, acha maneno."

"Lakini jana nilisikia mtu anasema..."

"Nilisema mengi jana. Washa."

Akawasha. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, na zilipanda kwa kasi hata mkia wake haukusomeka. Kwa dakika moja tu, manyang'anyo milioni mia tatu. Na karibu yote yalitokea mahali pamoja. Fundi akaanza kusoma anwani ya mahali hapo kwenye kumbukumbu, tarakimu moja moja, na kabla hajafika katikati Bi Shindilia alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti.

"Usimalize. Napajua."

Pale palikuwa ndipo fahari yake. Kila kichakataji, kikimaliza kukokotoa kipande cha anga, huongeza mvua ya kipande hicho kwenye jumla yake. Jumla thelathini na mbili, moja kwa kila kimoja. Bi Shindilia alikuwa amezipanga kwa mstari mmoja ulionyooka, hakuna pengo la kupitisha hata unywele. Mstari huo ndio aliowaonyesha wanagenzi akiwaambia, "Tazameni. Huu ndio upangaji."

"Sasa sikiliza, dada," Fundi akasema, safari hii bila utani. "Kichakataji hakiendi ghalani kuchota tarakimu moja. Ni mbali. Kikienda kinabeba fungu zima, nafasi nane kwa mpigo, kinalitia kwenye kibweta chake cha karibu. Umenielewa?"

"Hilo najua tangu chuo."

"Sawa. Sasa cha kwanza kinaandika nafasi ya kwanza, cha pili kinaandika nafasi ya pili. Hakuna anayegusa cha mwenzake. Ila mashine haihesabu nafasi, inahesabu mafungu. Cha kwanza kikiandika, fungu alilo nalo wa pili linahesabika limechacha. Analitupa, anakwenda kuomba jipya. Akilipata akaandika, la yule wa kwanza nalo limechacha. Na hapa wamo wanane kwenye fungu moja."

"Kila mtu anaandika pake, na wote wanapokonyana."

"Mchana kutwa."

Bi Shindilia alikumbuka kona ya blanketi na miguu ya ndugu zake.

"Dawa?" akauliza.

"Kila kimoja kipewe fungu lake. Andika jumla moja, kisha acha nafasi saba tupu, halafu uandike ya pili."

"Saba tupu?"

"Saba."

"Mara thelathini na mbili?" Akahesabu kichwani haraka kama muuza duka. "Mia mbili ishirini na nne za bure! Fundi, unataka nikae na ghala tupu?"

"Dada, ghala la mashine hii lina mabilioni ya nafasi. Mia mbili hazionekani hata kwa miwani ya Mkurugenzi."

"Mimi nitaziona."

Alirudi mezani. Juu yake ile karatasi nyekundu ilimwangalia. Akafungua programu, akaufikia ule mstari wake, akaweka vidole kwenye vibonye. Vidole vikagoma. Mtu aliyefunzwa na mama yake kutoacha pengo la kikombe, leo aache saba kwa mkupuo, tena kwa makusudi? Jumatano ikaisha hivyo. Nyumbani godoro lilikuwa bado halijakauka. Mama aliuliza habari za kazi, akajibiwa nzuri, akasema, "Uso wako hausemi nzuri. Unasema godoro."

Alhamisi Bi Shindilia alifanya jambo ambalo labda hakuna mwandishi mwingine wa programu duniani angelifanya. Alipatana na mashine, kama mtu anavyopatana bei ya nyanya. Saba ni nyingi, akasema moyoni, chukua tatu. Akaacha nafasi tatu tupu kati ya jumla na jumla, akaiendesha. Masaa mawili kasoro robo.

Fundi Sweta alikuja kuchungulia juu ya bega lake, akaona, akashika kiuno.

"Tatu? Umeacha tatu?"

"Imepungua nusu. Huoni?"

"Naona. Walikuwa wanane kwenye fungu, sasa wamo wawili. Nao wawili hao wanapigana mpaka sasa. Dada, fungu ni nane. Hilo si soko, halipunguzi."

"Nimesikia."

"Na kesho ni Ijumaa."

"Fundi, nimesikia! Kalenda ninayo."

Fundi aliondoka. Bi Shindilia akabaki akiutazama ukuta. Programu yake ya miaka ishirini na chumba cha mende chini ya ngazi, katikati yake zilikuwa nafasi nne tu, za kitu kisichoonekana, kisicholiwa, kisichouzwa. Alijiona mjinga, lakini ujinga wa mtu mkaidi hautoki siku ileile unapoonekana.

Ijumaa alifika mapema, hakumsalimia mtu mpaka afike mezani. Akaifuta ile tatu. Akageuza uso dirishani, na uso ukiwa dirishani akabonyeza saba. Saa nne kamili vipimo vikaingia, akaanzisha programu, Mkurugenzi akavuta kiti, Fundi Sweta akaegemea mlango.

Mwanzoni Bi Shindilia aliitazama saa ya ukutani. Akaacha, akaanza kupanga droo ambayo ilikuwa imepangwa. Saa nne na nusu. Mkurugenzi akakohoa. Saa nne na dakika arobaini na tano hakuna aliyekohoa tena. Ilipofika saa tano kasoro dakika nane, kioo kikaandika: IMEKWISHA.

"Imekwisha nini?" Mkurugenzi akauliza. "Imeharibika?"

"Imemaliza," akasema Fundi. "Dakika hamsini na mbili."

Wakaiendesha tena kwa vipimo vya jana, wakazilinganisha hesabu zote na za mashine ya zamani, tarakimu kwa tarakimu. Zilikuwa zilezile. Mkurugenzi alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Dada, umefanya nini?"

"Bosi, nyumbani kwenu mlikuwa wangapi?"

"Tisa."

"Mlilala na mablanketi mangapi?"

"Aa, mawili, tena moja lilikuwa na tundu." Akaanza kucheka kabla hajaelewa, kisha akaelewa, akacheka zaidi. "Kwa hiyo hawa walikuwa wanavutana?"

"Wanane kwa blanketi. Nimempa kila mmoja lake."

"Na hukujua hilo siku zote?"

Hapo angeweza kusema mashine mpya ina mambo mapya, na Mkurugenzi angekubali. Bi Shindilia alikuwa mkaidi, ila mwongo hakuwa.

"Nilijua mafungu. Sikutaka kuacha nafasi. Kosa ni langu."

Siku hiyo alichukua karatasi ya majibu akatembea ukumbi mzima taratibu, viatu miguuni. Mlio wa visigino vyake ukawatoa watu vyumbani, wakidhani ni mgeni. Msomaji wa redio alishtuka.

"Bi Shindilia! Kuna msiba?"

"Kuna mvua. Saa kumi jioni. Soma vizuri."

Aliporudi alimkuta Fundi Sweta kwenye mashine ya zamani, ile ya vichakataji vinane, iliyokuwa inasubiri kuchukuliwa. Alikuwa ameitia programu mpya, kwa udadisi tu. Alikaa nayo mpaka ilipomaliza, kisha akamwita Bi Shindilia, akamwonyesha kioo. Saa moja na dakika hamsini.

Bi Shindilia alizitazama namba hizo muda mrefu. Kumbe hata kule wanane walikuwa wakivutana, kimyakimya, bila mtu kujua. Miaka kumi na mmoja ya kuvua viatu.

"Fundi."

"Naam."

"Hiyo izime."

"Nimezima, dada. Wala sikuona kitu." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia: "Ila miguu yako imepata mazoezi."

"Ngoja nikuvue hilo sweta lako tuone mazoezi."

Ile karatasi nyekundu hakuibandua. Alichukua kalamu ileile, akaongeza chini yake kwa herufi ndogo: *Isipokuwa saba.* Wanagenzi watauliza, naye atawaambia.

Nyumbani alifika saa kumi kasoro dakika kumi. Godoro lilikuwa ndani, juu ya kitanda, limekauka. Mama alikuwa mlangoni, redio mapajani.

"Nimesikia mvua yako," mama akasema. "Nikamwita jirani tukaliingiza. Ikinyesha, nitakuamini. Isiponyesha, utanieleza."

"Itanyesha, mama."

Akaketi chini karibu na kigoda, akamsimulia yote. Vichakataji, ghala, fungu, blanketi. Alipofika kwenye nafasi saba tupu alisema polepole, kama mtoto anayekiri kuvunja sahani, maana kwa jinsi alivyoona yeye, alikuwa amevunja neno la mama yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaguna.

"Unakumbuka mwaka ule nililikata lile blanketi?"

"Ulilikata?"

"Ulikuwa mdogo. Nilichoka na kelele zenu. Nikalikata vipande saba, nikavipinda kwa uzi mzuri, kila mtoto chake. Mlilala? Hamkulala. Kila mtu miguu nje, analia baridi. Nikavishona tena."

Binti akageuka kumtazama. Hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Kwa hiyo ulijua!"

"Kujua nini? Nilijua kila mtu anataka blanketi lake. Nani asiyejua? Sikuwa na kitambaa." Akanyoosha mguu mmoja, akalisugua goti. "Mimi niliwafundisha kubana chumba changu. Nani alikutuma ukaubane utajiri wa serikali? Kama mashine yenu ina ghala lisilojaa, basi ni tajiri, na maskini hamfundishi tajiri namna ya kulala."

"Ungeniambia mapema, mama."

"Ungeniuliza."

Tone la kwanza likagonga bati. Mama akaitazama saa ya redio, akaitazama tena, akakunja mdomo kama mtu anayetafuta kasoro na haioni.

"Imewahi dakika tatu," akasema hatimaye. Kisha akasogea kidogo kwenye kigoda, akakipigapiga kwa kiganja. "Njoo ukae huku, unalowa. Pana nafasi."